Maji ya Kahawa na Hesabu ya Hekta

Kahawa ni tunda kabla ya kuwa kinywaji. Chini ya ganda lake jekundu mna nyama yenye sukari, na chini ya nyama hiyo mna ulenda unaong'ang'ania punje kama ute wa bamia. Ili punje itoke safi, mashine humenya ganda, punje huachwa kwenye matangi ichachuke usiku kucha au zaidi kwa kutegemea baridi ya mahali, kisha huoshwa kwenye mifereji mpaka mkono unaoishika uhisi ukwaru badala ya utelezi. Kila hatua hunywa maji, na kila kilichoondolewa kwenye punje huondoka na maji hayo. Msimu ukikolea, kwenye mfereji wa mwisho wa mtambo hupita maji ya rangi ya chai ya maziwa, yenye povu na harufu ya kitu kilichochacha. Yakilala shimoni siku moja au mbili hufunga utando mnene wa kahawia juu yake, na chini ya utando maji yanakuwa yameanza kukaribia uchachu wa siki.

Kutoka hapo yana njia mbili zilizozoeleka. Ya kwanza ni bonde la jirani, kwa kuwa mtambo wa kahawa hujengwa karibu na maji. Ya pili ni shimo la kunyonya, ambalo hujaa katikati ya msimu na kumwagikia bonde lile lile. Kilichomo si sumu kwa maana ya kawaida ya neno; ni chakula, na balaa linaanzia hapo. Bakteria wa mtoni hukishambulia, na kadiri wanavyokila ndivyo wanavyoimaliza oksijeni iliyoyeyuka majini. Ukali wa maji taka ya namna hii hupimwa kwa kiasi cha oksijeni ambacho bakteria watahitaji ili kuumeng'enya uchafu uliomo, kipimo kinachojulikana kwa herufi tatu, BOD. Maji mazito ya kahawa yanaweza kufika miligramu 20,000 kwa lita. Mto safi una takribani miligramu nane tu za oksijeni katika kila lita. Ukigawanya, lita moja ya maji hayo makali ina uwezo wa kukausha oksijeni ya lita 2,500 za mto. Katika mito ya eneo la Jimma, Ethiopia, watafiti wamekuta wadudu wa majini wanaotegemea maji safi wakipungua chini ya mitambo ya kahawa, na nafasi yao ikichukuliwa na minyoo na wengineo wanaovumilia tope lisilo na hewa.

Sheria inalijua hili. Kanuni za viwango vya ubora wa maji za Tanzania za mwaka 2007, sawa na zile za Kenya za mwaka 2006, zinataka maji taka yanayotiririshwa kwenye mazingira yasizidi BOD ya miligramu 30 kwa lita. Kiwanda cha bia chenye wahandisi na umeme wa uhakika kinaweza kufika hapo. Lakini chama cha msingi cha ushirika, AMCOS chenye mashine moja ya kumenyea, karani mmoja na msimu wa miezi mitatu, kinaambiwa kishushe ukali wa maji yake zaidi ya mara 600. Hata kikipewa mtambo wa kisasa wa kusafishia, bakteria wanaofanya kazi ndani yake huhitaji kulishwa mfululizo. Ukiwaacha miezi tisa bila chakula, hawatakuwa tayari kahawa ya kwanza ikiingia. Matokeo yake ni sheria nzuri ukutani na mfereji ule ule uendao bondeni.

Ninachokitetea hapa ni kwamba maji ya viwanda vya chakula, yakishapunguzwa ukali, mahali pake ni shambani, ila shamba lisipimwe kwa rula ya mto. Swali la mto ni moja: katika kila lita mna uchafu kiasi gani? Swali la shamba ni refu zaidi: kila hekta imepokea kilo ngapi leo, imepokea ngapi tangu msimu uanze, na imepumzika siku ngapi? Tofauti hii inaonekana ya kitaalamu tu, lakini ndiyo inayoamua kama umwagiliaji wa maji taka utakuwa kilimo au utakuwa njia nyingine ya kutupa.

Tuchukue mtambo wa kubuni unaopokea tani 10 za kahawa mbivu siku ya kilele. Kwa utaratibu wa zamani, maji yakiingia masafi na kutoka moja kwa moja, tani moja inaweza kula hadi mita za ujazo 20. Mashine zinazokwangua ulenda badala ya kuuchachusha zinaweza kushusha matumizi hadi mita moja kwa tani. Kituo cha utafiti cha Cenicafé nchini Kolombia kilibuni mfumo wa Becolsub ulioshusha matumizi ya maji kutoka lita 40 hivi kwa kilo ya kahawa iliyokauka ndani ya ganda lake la ndani hadi karibu lita moja. Mtambo wetu uko katikati: unazungusha maji yake mara kadhaa na kutoa mita 5 kwa tani, jumla mita 50 kwa siku. Ukiyatandaza juu ya hekta moja unapata kina cha milimita 5, karibu na kiasi ambacho mmea unaokua hunywa siku ya jua kali. Kwa hesabu ya kiu, basi, hekta moja imetosha. Sasa ifanye hesabu ya chakula. Tuseme ukali ni miligramu 10,000 kwa lita, yaani kilo 10 kwa mita ya ujazo; mita 50 zinabeba kilo 500 za BOD. Viwanda vya Marekani vya kusindika matunda na mboga vimekuwa vikiongozwa kwa muda mrefu na kikomo cha pauni 100 kwa ekari kwa siku, ambacho ni kama kilo 112 kwa hekta. Ghafla zinahitajika hekta nne na nusu, na hiyo ni kwa siku moja tu. Kesho kipande kile kinatakiwa kipumzike na maji yaende kwingine.

Hesabu hiyo ndogo inafumua mambo mawili. La kwanza ni ujanja wa kuongeza maji. Mtu akichanganya mita 50 za maji ya kahawa na mita 450 za maji ya mto, ukali unashuka mara kumi na karatasi ya maabara inapendeza, lakini kilo 500 zimebaki 500, na juu yake amelowesha shamba mara kumi zaidi na kuukosesha mto mita 450. La pili ni kazi halisi ya mabwawa, chujio na chokaa. Usafishaji wa awali ukiondoa asilimia 80 ya uchafu, kilo 500 zinabaki 100, na hekta moja ikisaidiwa na nyingine zinazopumzika kwa zamu inaweza kuzipokea. Kilo inayozuiliwa bwawani ni kipande cha ardhi ambacho ushirika hautalazimika kukitafuta. Na hapa niseme neno kuhusu rangi, kwa sababu wakaguzi wengi huanzia machoni: maji ya kahawa yakitiwa chokaa ili kuondoa uchachu hubadilika kuwa ya kijani kilichoiva hadi kukaribia weusi. Yanatisha kuliko yalivyokuwa, ingawa kwa mmea yamekuwa afadhali.

Kwa nini shamba lipumzike? Udongo hula kwa kupumua. Vitundu vilivyo kati ya chembe zake hubeba hewa, na bakteria walio humo huitumia oksijeni kuvunja sukari na ulenda kuwa hewa ukaa na maji. Ukiwalisha kupita kiasi, oksijeni inaisha, nao hawafi njaa. Wanaigeukia oksijeni iliyofungwa ndani ya madini. Huanza na naitreti, wakaja kwenye manganizi, kisha chuma. Manganizi na chuma ambavyo vilikuwa vimetulia kama kutu ndani ya udongo huyeyuka, na aseniki ya asili iliyokuwa imeshikamana na chuma huachiwa pamoja nacho. Jimbo la Michigan nchini Marekani lilijifunza hili kwa gharama. Viwanda vya kusindika matunda vilinyunyizia maji yake mashambani kwa miaka mingi, na maji ya chini ya ardhi jirani na mashamba hayo yakakutwa na chuma, manganizi na aseniki. Hakuna kiwanda kilichokuwa kimetia aseniki kwenye maji yake. Kiwanda kilipeleka sukari, udongo ukakosa pumzi, ukatoa ulichokuwa nacho. Kipimo cha maji pale yanapotoka kiwandani kisingeliona jambo hilo hata kidogo. Lingeonekana kwa kuhesabu kilo kwa hekta na kwa kuchimba kisima cha uangalizi pembeni mwa shamba.

Ushahidi mkubwa zaidi, kwa ukubwa wa eneo na urefu wa muda, unatoka Brazili, nchi inayolima kahawa nyingi kuliko zote, ingawa somo lenyewe lilitoka kwenye miwa. Mwaka 1975 serikali ilianzisha mpango wa kutengeneza ethanoli ya magari. Kila lita ya ethanoli huacha lita 10 hadi 15 za maji meusi yenye uchachu yaitwayo vinyasa, mazito kwa BOD na yaliyojaa potasiamu. Mito ilichafuka kiasi kwamba mwaka 1978 ilipigwa marufuku kuyamwaga mitoni. Viwanda vilitii kwa namna ambayo wengi wangetii: vilichagua vipande vya ardhi vilivyo karibu na bomba na kuyamwaga humo mwaka hadi mwaka. Wabrazili wenyewe waliviita maeneo ya kafara, na jina liliyafaa, maana udongo wake ulikaa chumvi na maji ya chini yakaharibika. Marufuku ya mto, bila kipimo cha shamba, ilikuwa imehamisha tu mahali pa kutupia.

Kilichobadilisha mambo ni kwamba wataalamu wa udongo waliyatazama maji yale kama mbolea, na mbolea ina kipimo. Shirika la mazingira la jimbo la São Paulo, CETESB, liliweka kanuni katika miaka ya 2000 ambayo haianzi na maji bali na sampuli ya udongo. Inapima potasiamu iliyomo tayari, inaruhusu ijazwe hadi asilimia 5 ya uwezo wa udongo kushika virutubisho vya aina hiyo, inaongeza kilo 185 kwa hekta ambazo muwa wenyewe huondoka nazo ukivunwa, kisha ndipo inagawa kwa potasiamu iliyomo kwenye vinyasa ili kupata mita za ujazo zinazoruhusiwa. Udongo ukishashiba, kinachobaki ni kile tu ambacho zao litakiondoa. Kiwanda kinalazimika kupeleka maji mbali zaidi kila mwaka, kwa malori na mifereji, na kinafanya hivyo bila kulia sana kwa sababu potasiamu hiyo kingeinunua dukani. Njia hii haikukosa kasoro. Vinyasa ikimwagwa juu ya majani ya miwa yaliyoachwa shambani imekuwa mazalio ya nzi wanaouma ng'ombe, na wafugaji wa jirani wana haki ya kulalamika. Lakini nzi wanatokana na namna ya kumwagia, si na wazo lenyewe. Kidimbwi na majani yaliyolowa hayahitaji kuwepo pale ambapo dozi ni ndogo na inaingia ardhini siku hiyo hiyo.

Viwanda vingine vina adui mwingine ambaye kahawa haimjui sana: sodiamu. Kiwanda cha maziwa husafisha mabomba yake kwa kostiki, na kostiki ni sodiamu. Sodiamu ikizidi kalsiamu na magnesiamu udongoni, chembe za mfinyanzi huachana, mvua ikinyesha juu panafunga gamba gumu, na maji hayapenyi tena. Bwawa haliondoi chumvi. Jua hulipunguza maji na kuiacha chumvi ikiwa nzito zaidi. Mwongozo wa FAO wa mwaka 1985 kuhusu ubora wa maji ya kilimo, ambao bado unatumika sana, huanza kuonya pale maji yanapopitisha umeme zaidi ya desisimensi 0.7 kwa mita na kuonya vikali yakivuka 3. Dawa yake iko ndani ya kiwanda, kwa fundi wa usafi: baadhi ya viwanda vya maziwa na mvinyo huko Australia vimebadili sodiamu kwa kemikali ya potasiamu, ambayo mmea angalau unaila. Ni ghali zaidi kuinunua, na hata potasiamu ina mwisho wake, kwa sababu majani yaliyoshiba potasiamu mno huwakosesha ng'ombe magnesiamu. Anayemwagilia mabingobingo kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa anapaswa kulijua hilo kabla mnyama hajaanza kutetemeka.

Pingamizi la kwanza ambalo msomaji analo mdomoni ni kinyaa. Maji taka ni maji taka, na nani atakula mchicha wake? Kinyaa hiki kina msingi pale panapohusika maji ya choo, na mabonde ya miji yetu yana mboga za kutosha zinazomwagiliwa kwa maji ambayo hakuna aliyeyapima. Maji ya kahawa, ya nanasi au ya miwa ni jambo jingine, maadamu vyoo vya wafanyakazi vina bomba lake peke yake. Machinjio hayamo kwenye kundi hili, na maziwa yanahitaji tahadhari yake, kwa kuwa magonjwa ya mnyama husafiri nayo. Kwa wanaouliza kuhusu twahara, Baraza la wanazuoni wakubwa wa Saudi Arabia lilijadili maji taka yaliyosafishwa mwaka 1978 na kuyaruhusu endapo usafishaji utaondoa najisi pamoja na rangi, ladha na harufu yake. Na hapo walizungumzia maji yenye najisi kuliko ya kahawa. Hata hivyo sioni sababu ya kuanza na mchicha. Kahawa yenyewe, miwa, migomba na majani ya mifugo vipo, na havilambi maji kwa jani linaloliwa bichi. Mkulima wa mboga za kuuza Ulaya ana wanunuzi wenye masharti makali juu ya maji. Huyo aachwe na maji yake.

Pingamizi zito zaidi halisemwi mara nyingi, nalo linatoka kwa watu wa chini ya mto. Mtambo ulichukua mita 50 mtoni na kurudisha mita 50 chafu. Sasa zinakwenda shambani, zinapaa angani kupitia majani, na mto umepungukiwa. Katika bonde kama la Pangani, ambako wakulima wa juu, mashamba makubwa na mitambo ya umeme wanagombea mto mmoja, hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Jibu langu lina sehemu mbili. Maji yaliyokosa oksijeni hayakuwa yamerudishwa kwa maana yoyote yenye faida kwa samaki au kwa anayechota ndoo. Na tatizo la wingi litatuliwe kwenye kibali kingine: Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya Tanzania ya mwaka 2009 inaipa bodi ya bonde mamlaka juu ya kibali cha kuchukua maji na kibali cha kutiririsha maji taka. Shamba lililoanza kupokea maji ya mtambo lipunguziwe maji ya mto kwa kiasi kile kile. Bila masharti hayo, umwagiliaji wa maji taka unakuwa njia ya kujiongezea mgao kimyakimya, na wa chini watakuwa sahihi kuupinga.

Gharama? Mashine isiyopoteza maji ndiyo ghali; chujio, bwawa la kuchimbwa kwa majembe na magunia ya chokaa si ghali kiasi hicho, na maganda yaliyotengwa mapema yakiwa makavu ni mboji badala ya kuwa mzigo wa maji. Ardhi ndiyo swali gumu. Ushirika wa milimani, ambako kila nusu ekari ina mwenyewe na kihamba, yaani shamba la ukoo, kina makaburi ya babu, hauwezi kupata hekta tatu karibu na mtambo kwa agizo la ofisi. Utalazimika kuingia mikataba na wanachama wake, kila mmoja apokee zamu, na karani anayeandika kilo za kahawa zilizoingia aandike pia mita za maji zilizotoka na shamba zilikokwenda. Daftari hilo lina thamani kuliko kipimo kimoja cha maabara kinachochukuliwa siku mkaguzi amepiga simu kwamba anakuja.

Na hakuna kanuni moja itakayofaa kila mahali, kwa sababu ya mvua. Mbozi na Mbinga nchini Tanzania huvuna kahawa kiangazi, mvua za masika zikiwa zimekwisha. Mto uko chini kabisa, uchafu unauma zaidi, na udongo ulio mkavu una nafasi na hewa ya kupokea. Ni kama msimu ulipangwa kwa kazi hii. Nyeri na Kirinyaga nchini Kenya huvuna zao kubwa kati ya Oktoba na Desemba, vuli ikinyesha, udongo umeshiba, na maji ya ziada yangeteremka moja kwa moja mtoni yakipitia shambani kama mapambo. Huko kinachohitajika kwanza ni bwawa la kuhifadhi hadi Januari, lenye ukubwa wa kubeba wiki za kilele pamoja na mvua itakayoangukia ndani yake. Kibali cha Mbozi kingeandikwa kwa hekta na siku za kupumzika. Cha Nyeri kingeanza na mita za ujazo za bwawa, ndipo hekta zifuate. Vyote viwili vingetaka sampuli ya udongo kabla ya tunda la kwanza kumenywa, na nyingine baada ya mvua kubwa za kwanza, zichukuliwe mahali pale pale.